Binti Yangu Anarudisha Chenji Bila Kukosea, Hesabu za Shule Zinamshinda

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro, kazi yangu ni mama lishe. Kibanda changu kiko karibu na stendi ya Msamvu, nauza wali maharage, ugali samaki na mboga za majani. Mume wangu ni dereva wa lori, wiki yupo, wiki mbili hayupo. Nakuandikia kwa sababu nyumbani maneno yamekuwa mengi na mimi sina pa kuyapeleka.

Wa kwanza ni binti, ana miaka 11, yuko darasa la tano. Anayemfuata ni wa kiume, miaka 9, darasa la tatu. Wa mwisho ni wa kike, ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Mtihani wa muhula uliopita binti alipata 14 kati ya 50 kwenye hisabati. Kiswahili alipata 39. Baba yake aliporudi safari akaisoma ripoti, akasema, "Huyu kamfuata mama yake." Mwalimu, mimi niliishia la saba na hesabu ndizo zilizoniangusha. Hata wanangu huwa nawaambia, mimi hesabu zilinikataa tangu utoto. Kwa hiyo sikuwa na la kumjibu.

Kinachonichanganya ni hiki. Binti huyu huyu akitoka shule anakuja kibandani, na pesa zote anashika yeye. Basi likishusha abiria, watu sita au saba wanalipa kwa mkupuo mmoja, kila mtu kala chake, huyu katoa elfu kumi, yule katoa elfu mbili, na sijawahi kupata hasara mkononi mwake. Mimi mwenyewe nikizidiwa namuuliza yeye. Sasa mtoto wa namna hiyo anapataje 14?

Alfajiri anafagia uwanja, anaosha vyombo vya jana, anachota maji, anamwogesha mdogo wake. Wa kiume hana kazi. Akitoka shule ni mpira, au yuko gereji ya pikipiki ya baba yake mdogo, anashika spana mpaka giza. Na ndiye tunayemlipia tuisheni, kwa sababu uwezo ulikuwa wa mtoto mmoja na baba yake akasema wa kiume ndiye atakayebeba familia. Lakini kusoma kwenyewe bado anasuasua, anaunganisha silabi kama wa darasa la kwanza. Siku moja nikamwambia aoshe vyombo dada yake apumue. Mama mkwe akaniambia nataka kumharibia mjukuu.

Desemba shemeji yangu alikuja kututembelea na familia kutoka Dodoma. Yeye ni mhasibu, mkewe muuguzi. Binti yao wa miaka 10 anasoma mchepuo wa Kiingereza, akawa anamsomea bibi yake kitabu cha hadithi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Wangu alishinda jikoni siku zote zile, hakutaka kuonekana. Mama mkwe akasema mbele ya watu, damu ya wasomi haijifichi.

Naomba uniambie ukweli, hata kama utaniuma. Hii ni damu, ni kwa sababu ni mtoto wa kike, au ni hali yetu? Nimtoe kibandani? Nikimtoa sina mtu. Kwetu Uluguru ukoo unafuata kwa mama, shamba linapita kwa mama, bibi yangu alikuwa na shamba lake Mgeta na hakuna mwanamume aliyempangia. Sielewi ni lini mtoto wa kike alianza kuwa wa kushindwa.

Mama Watatu, Morogoro

*

Marahaba, Mama Watatu.

Nianze na hiyo noti ya elfu kumi. Chukua mteja aliyekula wali maharage na kunywa soda, jumla 2,700. Leo jioni mtazame binti yako midomo wakati anarudisha chenji. Sidhani kama anatoa 2,700 kwenye 10,000. Anaanzia 2,700, anaongeza mia tatu inakuwa elfu tatu, anaongeza elfu mbili inakuwa tano, anaweka noti ya elfu tano juu yake, mteja anaondoka na 7,300. Amepanda ngazi kutoka bei kwenda kwenye noti.

Shuleni anaambiwa apange namba wima na aanzie kulia. Akifika kwenye mamia anakuta sifuri inatakiwa itolewe saba. Haiwezekani, basi akope kwa jirani. Jirani naye ni sifuri. Inabidi aende mpaka kwa ile moja iliyo mwisho kushoto, arudi nayo huku akiivunja njiani, na asisahau alichoacha kila alipopita. Nimefundisha darasa la tatu na la nne muda mrefu, na watoto wengi waliokuwa wakinipotea walipotea hapo hapo, kwenye kukopa penye sifuri. Na asiyeliweza hilo darasa la nne, darasa la tano anaongezewa desimali na sehemu juu yake, anazama.

Kwa hiyo una mtoto anayejua kutoa, na hajui kuandika kutoa. Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa, na la pili linatibika.

Wala si binti yako peke yake. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto wachuuzi wa mitaani katika mji wa Recife, wa miaka 9 hadi 15. Walijifanya wateja: nazi kumi bei gani, nikikupa hii unanirudishia ngapi. Majibu yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Baadaye wakawarudia watoto wale wale na namba zile zile, safari hii kwa karatasi na kalamu kama mtihani. Asilimia 37. Ni kweli, watoto wenyewe walikuwa watano tu, na mtu angeweza kubisha. Lakini mwaka 2025 ikatoka kazi kubwa zaidi kutoka India, kwa watoto zaidi ya elfu moja wa masoko ya Kolkata na Delhi, ikaonyesha jambo hilo hilo. Na ikaonyesha upande wa pili pia: watoto wa shule wasiofanya biashara, ambao daftarini wanatoa na kugawanya vizuri, walikwama walipopewa hesabu za sokoni. Maana yake yule wa Dodoma ukimweka kibandani kwako saa ya mabasi, jioni hiyo ungefunga na hasara. Usimwambie mama mkwe hivyo, lakini wewe lijue.

Basi usimtoe kibandani moja kwa moja. Mnunulie daftari la kukaa pale. Kila jioni wateja wakipungua, achague malipo matatu ya siku hiyo na ayaandike kama alivyoyahesabu kichwani: 2,700 na 300 ni 3,000, na 2,000 ni 5,000, na 5,000 ni 10,000, chenji 7,300. Chini yake aandike hesabu hiyo hiyo kwa njia ya shule, wima, mpaka majibu yalingane. Yasipolingana, anajua mwenyewe ipi ni ya kweli, kwa sababu pesa alizirudisha na mteja hakulalamika. Mtoto mwenye jibu analoliamini mkononi hutafuta kosa lake kwenye karatasi bila kulia. Sehemu nazo ziko humo humo: robo kilo ya maharage, nusu lita ya mafuta, kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi. Wewe la saba yako inakutosha kuuliza maswali hayo. Siyo lazima ujue kuyaandika.

Ila kuna jambo moja uache leo. Hilo la kuwaambia wanao kwamba hesabu zilikukataa. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walifuatilia walimu wa kike wa madarasa ya mwanzo ambao wenyewe wanaogopa hesabu. Mwisho wa mwaka, kadiri mwalimu alivyoogopa zaidi, ndivyo wasichana wake walivyoelekea zaidi kuamini kwamba wavulana ndio wa hesabu, na walioamini hivyo walishuka. Wavulana wa darasa lile lile hawakuguswa. Woga ule ulikwenda kwa wasichana tu, kwa sababu mtoto wa kike anamtazama mwanamke mwenzake ili ajue yeye atakuwa nani. Na wewe, unayeendesha kibanda, unayejua gunia la mchele litaisha Alhamisi, hesabu zilikukataa wapi? Zilikukataa kwenye karatasi ya mtihani.

Sasa swali lako kama ni kwa sababu ni mtoto wa kike. Nakupa mfano wa Ufaransa kwa sababu kule walipima karibu kila mtoto, zaidi ya milioni mbili na nusu, na matokeo yalichapishwa 2025. Siku wanaingia darasa la kwanza, wavulana na wasichana karibu walikuwa sawa kwenye hesabu. Miezi minne baadaye wavulana walikuwa mbele, na mwaka ulipoisha pengo limepanuka. Na pengo lilifuata muda waliokaa shuleni. Halikufuata umri wao. Ingekuwa damu, ingekuwapo mlangoni siku ya kwanza. Kuna kitu kinafanyika darasani: nani anaitwa ubaoni, nani anapewa muda wa kufikiri na nani anaambiwa kaa chini, nani anatumwa kuchota maji ya ofisi ya walimu kipindi kinapoanza. Ukienda shuleni uliza hilo la mwisho. Nimeliona katika shule zaidi ya moja.

Na hilo la ukoo wa mama umeligusa penyewe. Kaskazini mashariki mwa India kuna makabila mawili jirani, Wakhasi na Wakarbi. Kwa Wakhasi mali inapita kwa binti, kwa Wakarbi inapita kwa mtoto wa kiume. Katika utafiti uliotoka 2011, watu wa vijiji vyao walipewa fumbo la kupanga vipande vinne vya mbao wakipimwa muda, aina ya ujuzi ambao watu hupenda kusema ni wa wanaume. Kwa Wakarbi wanaume waliwahi kumaliza kuliko wanawake. Kwa Wakhasi hakukuwa na tofauti. Sehemu ya sababu ilikuwa ya kawaida sana: kwa Wakarbi wanaume walikuwa wamekaa shule miaka mingi kuliko wanawake, kwa Wakhasi walilingana. Pale mali ilipo mikononi mwa mwanamke, binti naye hupelekwa shule kwa sababu kuna kitu atakuja kukisimamia. Bibi yako wa Mgeta angewaelewa Wakhasi vizuri.

Nakuja kwa mtoto wako wa kiume, maana barua yako imemlalamikia kidogo na mimi namwona naye ameonewa. Gereji ya baba yake mdogo ni shule. Anajifunza kwamba spana namba 10 haiingii kwenye nati ya 12, anafungua kitu na kukirudisha kama kilivyokuwa, anaona kwa macho kipi kinakaa wapi. Huo ndio ujuzi ule wa vipande vya mbao, na dada yake hajawahi kupewa hata siku moja ya kuugusa. Lakini wa miaka 9 anayeunganisha silabi yuko kwenye hatari kubwa kuliko dada yake mwenye 39 ya Kiswahili, na tuisheni mnayomlipia haijaliona hilo au imeliona ikakaa kimya. Mwombe huyo mwalimu wa tuisheni amsikilize mtoto akisoma ukurasa mmoja kwa sauti mbele yako. Akishindwa kukuambia tatizo liko wapi, hela yenu inapotea.

Kijana mpe kazi mbili. Ya kwanza, ubao wa kibandani. Kila siku aandike chakula kilichopo na bei, na akusomee kabla hujaupachika. Akikosea "maharage" wateja watamrekebisha bure. Ya pili ni hivyo vyombo. Shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, lilitoa mwaka 2016 hesabu kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 wanatumia muda mwingi kwa asilimia 40 kuliko wavulana wa umri wao kwenye kazi za nyumbani zisizolipwa, pamoja na kuchota maji na kuokota kuni. Muda huo haupotei hewani, unatoka kwenye daftari na kwenye usingizi. Kwako nyumbani haina haja ya utafiti, umeniandikia ratiba yake yote. Vyombo vya jioni vya siku tatu kwa wiki viwe vya kijana, na saa hizo ziwe za binti na daftari lake. Halafu usije ukampa binti kazi ya kumfundisha mdogo wake kusoma. Najua utashawishika.

Mama mkwe akisema unamharibu mjukuu, usibishane. Siku akija kibandani mpeleke atembee stendini jioni aangalie wachoma mishkaki na wakaanga chipsi. Ni wanaume tu, na vyombo wanaosha wenyewe.

Kuhusu hali yenu nitakuambia ukweli kama ulivyoniomba. Ndiyo, ina uzito, tena kuliko jinsia. Watafiti wa shirika la Uwezo, walioanza mwaka 2010 kupita nyumba kwa nyumba hapa Tanzania kuwapima watoto kusoma na kuhesabu kwa kiwango cha darasa la pili, mara kwa mara wamekuta tofauti ndogo kati ya wasichana na wavulana, na tofauti kubwa kati ya watoto wa kaya zenye nacho na wa kaya zisizo nacho. Binti wa shemeji yako ana vitabu ndani, ana darasa la watoto wachache, ana mama anayemsomea. Hivyo havikupita kwenye damu, vilipita kwenye mshahara. Simchukii kwa hilo, wala wewe usimchukie. Mwombe mke wa shemeji yako akuachie vile ambavyo mtoto wake ameshavisoma. Watu wengi wenye vitabu hufurahi kuombwa.

Tena shule za msingi za serikali hazitozi ada, kwa hiyo upendeleo wa sisi wazazi umehamia kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna anayetukagua: nani analipiwa tuisheni, nani anawekewa taa, nani anaitwa akiwa katikati ya zoezi kwamba mtoto analia. Hela ya tuisheni kama ni ya mmoja, mwombe mwalimu wawapokee kwa kupokezana, wiki ya huyu na wiki ya yule, mmoja kwa hesabu na mwingine kwa kusoma. Wengi hukubali, malipo si yale yale?

Kuna mtu mmoja hukuniulizia, yule wa miaka miwili. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watafiti waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, wa familia maskini sana. Baadhi yao wahudumu wa afya wa jamii waliwatembelea nyumbani mara moja kwa wiki kwa miaka miwili, wakikaa chini na mama na mtoto, wakicheza kwa vitu vilivyotengenezwa kutokana na mabaki ya nyumbani, wakimwonyesha mama namna ya kuzungumza na mtoto anapocheza. Miaka 20 baadaye wale waliotembelewa walikuwa na kipato cha juu kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa. Mama zao hawakuwa wasomi. Wewe una vifuniko vya soda vya kutosha kumfundisha kupanga, kuhesabu na kutenga rangi hadi achoke, na una maharage ya kuchambua naye. Mwambie unachofanya wakati unakifanya. Muulize, hata kama jibu lake halieleweki. Na kaka yake akienda gereji kwa baba yao mdogo, aende naye, ashike nati.

Limebaki la baba yao. Usimwambie kwamba amekosea, tena mbele ya mama yake ndiyo kabisa. Dereva wa lori ana daftari: kilomita, lita za dizeli, posho, ushuru wa njiani. Mwombe binti apige hesabu za safari moja iliyopita. Kilomita ngapi kwa lita moja, kwenda na mzigo na kurudi mtupu. Hiyo ni kugawanya na desimali, mada za darasa la tano, na yeye kwa hesabu za pesa ana mkono. Amfanyie baba yake, aandike vizuri, amwachie mezani kabla ya safari. Madereva ninaowajua hawakosi kuwa na shaka na mafuta yao.

Halafu nenda kwa mwalimu wa hisabati na daftari la binti. Ripoti iache nyumbani. Mlipekue pamoja kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mfike pale alama za vyema zilipoanza kugeuka. Nadhani mtaikuta sifuri hapo. Ukikuta kitu kingine, niandikie.